Barua Iliyomuua Mama Mdogo

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bunda. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anaomba nafasi ya kusoma uuguzi Uingereza. Akanipa simu yake: "Kaka, hebu nisomee hii, si wewe ndiye mwalimu?" Yalikuwa maelezo binafsi, yale ya kueleza kwa nini unataka kusomea fani fulani. Sentensi ya pili ilisema mama yake alifariki akijifungua kwa kukosa muuguzi. Nikageuka kumtazama mama mdogo. Alikuwa jikoni anakaanga dagaa.

Sikumgombeza. Sisi tumelelewa na alama. Ukiomba udaktari hapa nchini, kinachotazamwa ni ufaulu wako wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Sababu zako unabaki nazo mwenyewe. Siku ukiulizwa, labda na wafadhili au chuo cha nje, unakimbilia intaneti kukopi machozi ya mtu mwingine.

Lakini tuangalie wanachouliza hasa. Uingereza maombi hupitia UCAS, na maelezo yote hayazidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea, kuna maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kujiandaa. Marekani, mwombaji wa udaktari anayepitia AMCAS hupewa herufi 5,300. Kwenye maswali yale matatu hakuna linalouliza umeteseka kiasi gani.

Barua yake ilikuwa pia na ile sentensi yetu sote: "Napenda kusaidia watu." Sisi wa ualimu tunajua andalio la somo likiandikwa "mwanafunzi aelewe" linarudishwa, maana kuelewa huwezi kukupima. Nikamuuliza: umemsaidia nani, wapi, ukafanya nini?

Akanyamaza. "Kaka, wenzangu wamejitolea hospitali kubwa za mjini. Mimi nina bibi tu."

Haya, niambie ya bibi.

Bibi yetu yuko Butiama, na lugha yake ni Kizanaki. Mdogo wangu alimpeleka kliniki ya presha. Maelezo yakatolewa kwa Kiswahili, bibi akaitikia kwa kichwa, wakarudi. Wiki kadhaa baadaye akakuta vidonge vimebaki vingi. Bibi alikuwa anakunywa siku kichwa kikimuuma tu! Binti akakaa naye, akamweleza kwa Kizanaki kwamba presha inaweza kupanda bila maumivu yoyote, kwa hiyo kidonge ni cha kila siku kama alivyoandikiwa. Wakakubaliana kinywewe pamoja na uji wa asubuhi. Waliporudi kliniki, alimweleza muuguzi yote, na vile vilivyobaki.

Nikamwambia, hiyo ndiyo barua yako. Tukaiandika upya hivi:

1. Anza na tukio moja ulilokuwepo. Usianze na historia ya maisha yako yote.

2. Sema ulichofanya wewe, na ulipoishia. Yeye alitafsiri na kufuatilia, dozi hakuigusa. Kujua mpaka wako ni sifa kubwa kwenye fani za afya.

3. Sema ulichojifunza kuhusu kazi yenyewe. Aliandika kwamba kutoa dawa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuhakikisha mgonjwa ameelewa. Kisha akaunganisha na anachotaka kwenda kusoma.

4. Linda siri ya mgonjwa. Omba ruhusa, usitaje jina. Bibi alipoulizwa alijibu: "Andika, ila usiseme mimi ni mkaidi."

5. Msomee kwa sauti mtu anayekufahamu. Akisema "huyu si wewe", futa.

Bado alikuwa na wasiwasi. "Kaka, ya bibi haina machozi. Wakininyima je?" Swali zito, maana nafasi hiyo ingebadilisha maisha ya nyumba nzima. Nikamjibu kwamba wanaweza kumnyima kweli. Ila muuguzi wa zamu ya usiku huamini kilichoandikwa na wa mchana kwenye faili, na mgonjwa anaweza kuumia kwa mstari mmoja wa uongo. Huwezi kuingia kwenye kazi hiyo kwa kuandika kifo ambacho hakikutokea.

Akafuta. Kesho yake alienda Musoma kuskani vyeti, akatuma. Majibu bado, tunasubiri.

Wewe mwanachuo mwenzangu unayeomba ufadhili mwaka huu, rudi nyumbani kwanza, huenda barua yako iko pale. Na mama mdogo hajui kwamba aliwahi kufa. Akilisoma jarida hili, naomba atusamehe, na dagaa walikuwa watamu.