Muguu Ukianza Kuuma, Usingojee Mavuno Yaishe

Mama na baba wa koperative, jembe likilegea mupini, tunalitengeneza mbele ya kurudia shambani. Lakini muguu ukianza kuuma, tunasema: "Ni uchovu tu, itaisha." Kisha tunabeba muzigo tena. Somo hili linaonyesha namna kazi ya kila siku inaumiza nyama na mishipa ya muguu chini ya goti, na kile tunaweza kufanya mapema, mbele muguu ukatae kazi katikati ya mavuno.

JUU YA NINI MUGUU UNAUMA NA HATUKUANGUKA?

Sababu ya kwanza ni kazi ya kurudia-rudia. Kazi nzito inaumiza nyama ya mwili kidogo-kidogo, na mwili unajitengeneza wakati tunapumuzika. Kazi ikiongezeka haraka sana, mwili haupate wakati wa kujitengeneza. Ndiyo maana watu wengi wanaumia wakati mavuno yanaanza: jana mutu alikuwa anapalilia karibu na nyumba, leo anapanda na kushuka kilima mara tano na gunia ku mugongo.

Sababu ya pili ni kukandamizwa: kiatu kinabana, ao mutu anakaa muda murefu namna moja bila kugeuka.

MAUMIVU INNE YA KUTAMBUA

1. Nyuma ya kisigino. Kuna kano nene yenye kuunganisha nyama ya nyuma ya muguu na kisigino. Kupanda mulima na muzigo kunaivuta sana. Alama yake: asubuhi hatua za kwanza zinauma, kisha maumivu yanapunguka ukitembea. Usidanganyike juu ya ile kupunguka. Kano inapona polepole, mara nyingi kwa miezi, na ukiendelea kuilazimisha itachukua wakati murefu zaidi.

2. Kando ya mufupa wa mbele, upande wa ndani. Maumivu haya yanakuja kisha kutembea sana ku njia ngumu ao kushuka na muzigo. Lakini kama unabonyeza na kidole kimoja na panauma sana pa fasi moja tu, mufupa unaweza kuwa umeanza kupasuka. Acha kubeba, uende kituo cha afya.

3. Upande wa inje, chini kidogo ya goti. Pale mushipa wa fahamu unapita karibu kabisa na ngozi, juu ya mufupa. Ukichuchumaa saa nyingi kwa kupalilia ao kuchagua maharagi, mushipa unakandamizwa. Juu ya muguu panakufa ganzi, na vidole vinakokota chini ukitembea. Wengine wanafikiri ni uchawi ao sumu. Mara nyingi ni mushipa uliochoka kukandamizwa, na unaweza kupona kwa majuma ao miezi ukiacha kuchuchumaa. Lakini vidole vikikokota, muganga anapaswa kukuona bila kukawia.

4. Fasi kiatu kinagusa. Ukingo wa kiatu kirefu cha mupira unasugua ngozi mupaka kidonda. Vaa soksi ndefu ao funga kitambaa laini bila kukaza. Kidonda, ukioshe na maji safi na sabuni, ukifunike. Kama majuma mawili yanapita na hakiponi, ukionyeshe kwa muganga.

TUFANYE NINI?

Punguza kazi, lakini usilale siku zote. Tembea fasi tambarare bila muzigo. Weka kitambaa cha maji baridi pa fasi yenye kuuma, dakika 15. Maumivu yakipunguka, rudia kazi kidogo-kidogo: nusu ya muzigo kwanza, kisha uongeze. Kwa kano ya kisigino, simama, shika ukuta, panda ku vidole, kisha shusha visigino polepole. Fanya hivyo mara kumi na tano; ikiuma sana, punguza.

Vidonge ao sindano za soko zinanyamazisha maumivu, lakini hazitengenezi kano. Mutu asiyesikia maumivu anabeba tena gunia, na anazidi kujiumiza. Uliza muganga mbele ya kumeza.

HATARI: ENDA HOSPITALI LEO, SI KESHO

Gogo, jiwe ao chukudu ikiangukia muguu, nyama ya ndani inaweza kuvimba na kukosa damu. Alama ni hizi: muguu unakuwa mugumu sawa ubao, maumivu yanazidi kila saa, na yanapanda sana mutu mwingine akikunja vidole vya ule muguu. Nyama inaweza kuanza kufa kisha saa chache. Usikande, usifunge kwa nguvu, usiweke maji ya moto. Fungua kila kitu chenye kubana, na mubebe mugonjwa mara moja.

Pia, muguu mumoja ukivimba nyuma, unakuwa na moto na kuuma bila sababu, usiukande: damu inaweza kuwa imeganda ndani. Huyo naye aende leo.

KOPERATIVE INAWEZA KUSAIDIA

Gunia la kilo 80 si alama ya nguvu. Tugawanye mizigo. Mavuno yakianza, tubadilishane kazi: aliyebeba asubuhi, achague kahawa kisha ya saa sita. Wenye kuchagua wapate viti vidogo, na wasimame kila dakika 20. Mama wenye kubeba na kamba ku kipaji wasisahauliwe, kwa sababu mara nyingi muzigo muzito zaidi ni wao. Mwanamemba mumoja akipoteza mavuno juu ya muguu, jamaa yake yote inasikia njaa.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kati yetu, nani anabeba kila siku bila kubadilishwa?
2. Muzigo mukubwa katika koperative yetu ni kilo ngapi? Tunaweza kuugawanya namna gani?
3. Mutu akiumia muguu leo ku kilima, nani atamubeba, na kwa njia gani mupaka hospitali?