Tangambili

Watu wa miji yetu wamezoea kusema kwamba pwani ina pepo mbili tu, kaskazi na kusi. Si makosa, walakini maneno hayo huacha kitu katikati. Baina ya kaskazi kufa na kusi kusimama hupita majuma kadha wa kadha, katika Machi na Aprili, ambayo wazee waliyaita maleleji, au tangambili. Ndiyo majira tunayotaka kuyaeleza leo, kwani ni matamu na tena ni madanganyifu.

Sababu yake ni jua. Tarehe 20 au 21 Machi jua huvuka mstari wa ikweta kuelekea kaskazini. Bara la Asia, ambalo kwa baridi yake lilikuwa likitupelekea upepo tangu Disemba, huanza kupata moto. Hewa yake hupanda, na upepo wa kusini huvutwa kwenda kujaza mahali pake. Mageuzi haya hayawi kwa siku moja. Kaskazi hulegea, hurudi siku mbili, kisha hukatika; bahari ikawa shwari kama mafuta bakulini, na joto la usiku likawatoa watu vyumbani.

Miezi ya mwandamo haiwezi kutuonyesha wakati huu, kwa kuwa mwaka wake hupungua siku kama 11 katika mwaka wa jua. Ramadhani ya 2019 ilituangukia Mei, wakati wa masika; ya 2025 ilikuwa Machi, katika joto. Kwa hiyo wazee walihesabu pia Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliogawanywa kwa makumi, kila kumi mwongo mmoja. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, naye alizitaja nyakati za safari kwa siku za Nairuzi. (Twasema hesabu yake, mengine yafanywayo siku ile ya mwaka hatuna haja nayo hapa.) Hesabu hii ni ilimu, na twasikitika kuona vijana wengi hawajui hata mwongo ni nini.

Majira haya ndiyo ya wageni wetu kuondoka. Mbayuwayu hujipanga juu ya nyaya, kisha huenda zao Ulaya, ambako kuonekana kwao ni bishara kuwa baridi imekwisha. Keremkerem wekundu, ambao jioni hurudi kulala katika mikoko ya Mida, karibu na Watamu, huelekea Somalia na Uhabeshi. Na katika matope ya Mida, maji yakitoka, vile vindege vya ufukweni hula bila kupumzika hata vikanona, kwani baadhi yao safari yao ni ya Siberia. Na wako ambao kabla ya kwenda huvua manyoya ya kijivu wakavaa mekundu kama matofali. Ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, haendi mbali hivyo. Yeye hutaga pande za Ghuba na Uarabuni, yai moja tu, ndani ya shimo alilolichimba mchangani.

Mvua ya kwanza huja usiku kwa kishindo, ikanukisha udongo, na kesho yake jioni kumbikumbi wakajaa taani. Kila mtu hufurahi. Kisha mvua hukatika, pengine siku kumi au zaidi, na mkulima aliyeharakia kupanda mahindi yake huyaona yakiota na kunyauka. Mwenye mbegu ya akiba atapanda tena. Asiye nayo hukopa, na deni hilo tumeona likila mavuno yote.

Mvuvi naye huitazama shwari ya alfajiri akaondoka na ngalawa bila kuuliza, na adhuhuri wingu jeusi likamkuta nje ya mwamba. Wala tusidhani kuwa Mei ikiingia hatari imepita: mwezi huo wa 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Lakini kwa desturi, kusi hupata nguvu wakati huo, mawimbi yakapiga mwambani usiku na mchana, na vyombo vidogo vikapandishwa pwani.