Ruta yako kwenye faiba: hamisha Wi-Fi, acha ONT

Swali: Nimeunganishiwa faiba nyumbani, Makurunge, Bagamoyo. Naweza kutumia ruta yangu badala ya ya kampuni?

Jibu: Unaweza, mradi utenganishe kazi mbili ambazo mara nyingi hufungiwa kwenye kisanduku kimoja. Faiba hubeba mwanga. Kifaa kiitwacho ONT ndicho kinachougeuza kuwa data, nacho kimesajiliwa kwenye mitambo ya kampuni. Ukiking'oa, ruta yako haitapata kitu, hata iwe ya bei gani. Kazi ya kugawa intaneti na kurusha Wi-Fi ndiyo unayoweza kuihamisha: vuta waya kutoka tundu la LAN la ONT hadi tundu la WAN la ruta yako, kisha zima Wi-Fi ya kampuni. Kama una kamera za ulinzi unazozitazama ukiwa mbali, omba ONT iwekwe kwenye hali ya daraja (bridge mode), yaani ipitishe intaneti tu bila kuigawa, upewe pia jina na nywila ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni (PPPoE) kama zinatumika, ili visanduku viwili visigombanie kazi moja.

Utauliza, je, kasi itaongezeka? Ruta haizidishi kifurushi ulicholipia. Kwa hiyo pima kwanza kwa waya. Kasi ikiwa nzuri hapo lakini inafifia chumbani, mkosaji mara nyingi ni ukuta wa tofali: masafa ya 5GHz yana kasi ila hupenya kwa shida, 2.4GHz hufika mbali zaidi. Hapo ruta bora, iliyokaa katikati ya nyumba, italipa. Wengine huhofia kwamba fundi atakataa kuwahudumia. Kwa hiyo, kama ruta ya kampuni iko kando na ONT, itunze, uirudishe mahali pake hitilafu ikitokea.