Maji na Presha ya Jicho Siku ya Upasuaji
Kwa wagonjwa wa mtoto wa jicho na wasindikizaji wao, Kasese na Bwera

Kwanza tuondoe hofu moja inayowazuia wazee wengi kufika hospitali: daktari hang'oi jicho, akalisafisha pembeni, kisha akalirudisha. Jicho halitoki mahali pake. Kinachotolewa ni lenzi iliyoingia ukungu, na badala yake huwekwa lenzi ndogo ya plastiki ambayo hudumu maisha yote.

Ila kazi hiyo hufanyika mahali padogo mno. Nyuma ya kioo cha mbele cha jicho kuna maji kama robo ya mililita, yaani matone machache tu. Jicho huyatengeneza na kuyatoa polepole usiku na mchana, na kwa njia hiyo hupata presha yake: kwa watu wengi ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Si presha ya damu ile inayopimwa mkononi. Daktari akishakata, maji hutoka na nafasi ile inaweza kubonyea. Hapo vifaa vinaweza kukwaruza kioo kwa ndani, na chembe za upande huo zikifa hazioti tena. Nyuma ya lenzi nako kuna ngozi yenye unene wa sehemu 4 hivi za elfu moja za milimita. Ikichanika, ute wa ndani ya jicho huja mbele.

Kwa hiyo maji yanayotoka lazima yarudishiwe mengine. Chupa ya maji safi yenye chumvi kiasi hutundikwa juu ya mgonjwa. Anayechota maji ya mserereko yanayoshuka kutoka Rwenzori anaelewa mara moja: tangi likiwa juu zaidi, bomba la chini husukuma kwa nguvu zaidi. Chupa ikipandishwa sentimita 15, presha ndani ya jicho huongezeka kwa milimita 11 hivi. Ikiwa chini mno, jicho hubonyea. Ikiwa juu mno, damu inayolisha mshipa wa kuonea hupungua. Ukisikia daktari akisema "pandisha kidogo" au "shusha", usishtuke. Ni chupa anayoizungumzia.

Katika upasuaji wa mkono, yaani usiotumia mashine, kidonda huwa na milimita 6 au 7, na hukatwa kwa mshazari ili presha ya jicho yenyewe ikifunge, mara nyingi bila uzi. Daktari hutia ute mzito wa kulinda nafasi, kisha hutumia kifaa chembamba chenye njia mbili: moja yaingiza maji, nyingine yanyonya mabaki ya lenzi. Njia nyingine ni ya mashine ya mawimbi ya sauti. Mashine hiyo, iliyobuniwa na Charles Kelman wa Marekani mwaka 1967, hupita kwenye tundu lisilozidi milimita 3. Lakini hunyonya kwa kasi, na maji yanayoingia yakizidiwa hata kwa nukta moja, jicho hubonyea ghafla.

Mgonjwa naye ana kazi yake. Kukohoa, kubana pumzi na kukaza mwili hupandisha presha papo hapo. Nenda haja ndogo kabla ya kuingia. Kikohozi kikikujia, sema kwanza. Usiinue kichwa wala mkono. Mapema kabisa taja pumu, presha ya damu, na hasa dawa ya tezi dume iitwayo tamsulosini, hata kama uliacha kuitumia. Dawa hiyo hulegeza kiwambo cha rangi kilichozunguka mboni, kikapepea ndani ya maji na kumzuilia daktari njia.

Ute mzito uliotiwa kulinda nafasi ukibaki kidogo ndani ya jicho, huziba njia ya maji kutoka, na presha inaweza kupanda ndani ya saa 24 za kwanza. Ndiyo maana hatukubali mgonjwa aruke kipimo cha kesho yake. Aliyevuka Mpondwe kutoka Kasindi, au aliyeshuka kutoka milimani, apange kulala karibu na hospitali.

Jicho likiuma sana, ukitapika, au uoni ukipungua, nenda Bwera au Kagando, kokote kuliko karibu, hata usiku. Usingoje siku ya soko. Usilibonyeze jicho, usitie dawa ya majani, na jerikeni ya lita 20 abebe mwingine mpaka daktari akuruhusu. Kila unaporudi kupimwa, njoo na chupa zako zote za dawa ya matone.