Lebo Isiyosema Kweli: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Vyama vya msingi vya Kilimanjaro vimezoea kazi ya kahawa. Mwanachama huleta kahawa yake ya maganda, hupimiwa mbele ya macho yake, huandikiwa stakabadhi, na gunia hutiwa alama kabla ya kuteremshwa Moshi. Lakini siku hizi wanachama wengi, hasa akina mama, wameanza pia kusaga na kufungasha chakula: unga wa lishe, unga wa ndizi, siagi ya karanga na asali. Kazi hiyo ni njema, kwa maana huziba pengo bei ya kahawa inapoanguka. Hata hivyo imeleta wajibu mpya. Mnunuzi wa pakiti hakuiona mashine ikisaga, wala hamjui mpimaji. Ajualo ni lile tu lililoandikwa juu ya pakiti. Lebo ndiyo ahadi ya chama kwa mlaji.

1. Maana ya mzio

Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni hali ya mwili kukikataa chakula ambacho kwa watu wengine hakina madhara yoyote. Mwili hukipokea chakula hicho kama adui na kuanza kupigana nacho. Vyakula vinavyotajwa zaidi ni karanga, maziwa, mayai, ngano, soya, samaki, kamba na kaa, ufuta, pamoja na korosho na jamii yake.

Dalili zaweza kutokea baada ya dakika chache: vipele na mwasho, midomo na macho kuvimba, kutapika, kukohoa na kupumua kwa shida. Hali ikizidi, mgonjwa huishiwa nguvu na kuanguka, naye aweza kufa. Mgonjwa wa namna hiyo hangojewi hadi kesho. Hana budi kupelekwa hospitali mara moja, iwe Machame, Kibosho, Kilema au KCMC, ambako dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini.

Yafaa kutofautisha mzio na sumu. Sumukuvu iliyomo katika mahindi au karanga zilizoota ukungu humdhuru yeyote. Karanga safi humdhuru tu yule mwenye mzio nazo. Kwa hiyo unga wenye karanga zisizotajwa waweza kuonjwa na kamati nzima ukasifiwa, kisha ukamwangusha mtoto mmoja.

2. Mambo yaliyotokea

Mwezi Julai 2016, binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate wenye vijazo katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Alikuwa na mzio wa ufuta, naye alisoma karatasi ya mkate ule. Ufuta ulikuwamo ndani ya mkate, lakini karatasi haikuutaja. Alifariki siku iyo hiyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, sheria ya Uingereza inataka chakula kinachofungashwa pale pale kinapouzwa kitaje viungo vyake vyote na kuonyesha waziwazi vile vinavyoleta mzio.

Mwishoni mwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015, huko Marekani, bizari nyembamba iliyosagwa iligunduliwa kuwa na karanga ndani yake. Kiungo hicho kilikuwa kimekwisha kuingia katika vyakula vya viwanda vingi, na mamia ya bidhaa zikaondolewa sokoni. Hapo yaonekana jinsi kosa moja la mashine linavyoweza kusafiri mbali.

Karibu na nyumbani, mwezi Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu iliyopita kiwango, na mwezi Januari 2020 likasimamisha aina nyingine 17. Wenye viwanda walitakiwa kuurudisha unga huo kutoka madukani. Nchini Tanzania, mwaka 2016, sumukuvu iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nao 20 wakafariki. Mahindi yale yalikuwa ya maghala ya nyumbani. Hayakuwa na lebo wala namba ambayo ingewezesha mtu kuyatafuta na kuyarudisha.

3. Jinsi kosa linavyoingia

Aghalabu kosa la lebo halitokani na hila, bali na kubana matumizi. Uchukuliwe mfano wa kikundi cha kubuni. Kikundi hicho hutengeneza unga wa lishe wa mahindi, ulezi na soya, na lebo zake zimekwisha kuchapwa. Siku moja soya inakosekana sokoni. Mwanachama mmoja anazo karanga nzuri, nazo zinatiwa mahali pa soya. Ikaonekana ni hasara kuzitupa lebo, hivyo pakiti 200 zikatoka zikiwa na neno «soya», na karanga hazikutajwa.

Njia ya pili ni mashine. Asubuhi zinasagwa karanga, mchana mahindi. Mashine ikifutwa kwa kitambaa tu, mabaki ya karanga huingia katika unga wa mahindi. Njia ya tatu ni vyombo: kijiko, beseni au gunia lililotumika kwa chakula kingine.

Dawa yake si ngumu. Chakula kisicho na karanga kisagwe kwanza, na chenye karanga kiwe cha mwisho. Kisha mashine ifunguliwe na kusafishwa kabisa kabla ya kazi ya siku inayofuata. Vyombo vya karanga vipewe alama na visitumike kwingine. Viungo vikibadilika, lebo ibadilike siku hiyo hiyo. Lebo itaje viungo vyote kuanzia kile kilicho kingi zaidi, jina na mahali pa mtengenezaji, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na namba ya toleo. Usajili na ukaguzi wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, ulipohamishwa kutoka TFDA.

4. Kurudisha bidhaa kutoka sokoni

Ufuatwe mfano ule ule. Mama mmoja anapiga simu na kusema kwamba mtoto wake amevimba uso baada ya kunywa uji. Katibu afanye nini? Kwanza, aulize hali ya mtoto na kuhimiza apelekwe hospitali. Pili, aulize namba ya toleo iliyo kwenye pakiti. Tatu, asimamishe mauzo ya toleo hilo na kufungua daftari.

Daftari likiwa limeandikwa vizuri, litasema hivi: pakiti 60 zilikwenda duka la Himo, 80 Marangu, 40 shuleni, na 20 zimo stoo. Katibu anatoa habari TBS na kuwapigia simu wote. Tangazo linabandikwa dukani, na kusomwa kanisani, msikitini na katika mkutano wa kijiji, likitaja jina la unga, namba ya toleo, na sababu yenyewe bila kuficha: «Una karanga ambazo hazikutajwa.» Jioni hesabu inakuwa hivi: Himo zimerudi 51, Marangu 66, shule zote 40, na stoo 20. Jumla ni 177. Zimebaki 23. Kazi haijaisha mpaka wenye pakiti hizo 23 wamepata habari.

Kama daftari halipo, katibu hana pa kuanzia, naye hana budi kutangaza unga wote wa kikundi kuwa wa mashaka. Gharama nazo zipimwe. Lebo mpya 200 kwa shilingi 100 kila moja ni shilingi 20,000. Pakiti 200 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 600,000, bila kuhesabu uchungu wa mama yule.

Unga uliorudi utengwe na kuandikwa. Unga wenye karanga safi waweza kupewa lebo sahihi kwa idhini ya mkaguzi. Wenye sumukuvu iliyopita kiwango huteketezwa, haupewi mifugo.

5. Mwisho

Katibu anayeandika kilo za kahawa bila kukosea tayari anao ujuzi unaotakiwa. Kinachobaki ni kuipa pakiti ya unga heshima ile ile anayoipa gunia la kahawa. Chama kinachokiri kosa mapema hupoteza fedha za siku chache. Kinachoficha hupoteza imani ya walaji, na imani hiyo hairudi upesi.

Maswali ya kuzungumzwa katika mkutano

1. Je, chama chaweza kusema leo ni wapi zilikokwenda pakiti zilizotengenezwa mwezi uliopita?
2. Ni vyakula gani husagwa kwa mashine ya chama, na kwa utaratibu gani?
3. Nani mwenye amri ya kusimamisha mauzo mwenyekiti asipokuwapo?
4. Mwanachama akileta karanga mahali pa soya, lebo zikiwa zimekwisha kuchapwa, kamati ifanye nini?