Masomo Yaliyofungiwa Ndani ya Flash

Mgeni afikaye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, husoma maandishi kwa macho yake tu. Somo la kompyuta halisomeki hivyo. Huhitaji programu ya kulifasiri. Masomo mengi ya picha zitembeazo yalitungwa kwa Flash, na kivinjari kiliyaonyesha kwa msaada wa programu-jalizi, yaani programu ndogo iliyopachikwa ndani yake. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020; kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikaizuia isifanye kazi.

Basi mwalimu wa Musoma au Bunda mwenye faili iishiayo kwa herufi swf asiifute: kilichokufa ni mfasiri, wala si somo. Asitafute Flash ya zamani, kwani mianya yake haizibwi tena, na waharibifu huweza kupenya humo. Atumie Ruffle, programu ya bure iigayo kazi ya Flash hata pasipo intaneti, ingawa haifungui masomo yote kikamilifu. Somo jipya litungwe kwa HTML5, isiyohitaji programu-jalizi. Hata hivyo, nakala zifanywe mapema, kabla diski hazijaharibika.