Tuta, Fanya Juu na Mtandao: Tajriba ya Kufundisha Elimu ya Mazingira Syokimau

Utangulizi

Shule za Kenya zilipofunguliwa kwa muhula wa pili tarehe 13 Mei 2024, baada ya ufunguzi huo kuahirishwa mara mbili kwa sababu ya mafuriko, mimi nilikuwa mwalimu wa muda wa Kiswahili katika shule moja ya Syokimau, Kaunti ya Machakos. Mwalimu wa somo la Kilimo alikuwa hajaripoti, nami nikaombwa nimshikie vipindi viwili vya Gredi ya 7 kuhusu hifadhi ya udongo. Sikuwa na ujuzi wa mada hiyo. Nilikuwa na rununu, projekta ya shule, na imani, ambayo nadhani wengi wetu tunayo, kwamba mtandao wa intaneti una kila kitu.

Makala haya yanatokana na vipindi hivyo viwili. Yanakusudia kuonyesha kwamba nyenzo za mtandaoni za kufundishia sayansi ya ardhi na mazingira ni tele, na nyingi ni za bure, lakini katika darasa la Kenya hukwama mahali pamoja, napo ni penye neno. Aidha, yanadai kwamba neno linalokosekana mara nyingi halihitaji kubuniwa. Lipo vinywani mwa watu, na katika mfano nitakaoueleza lilikwisha kuvuka mipaka na kuingia katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza kabla sisi wanagenzi wa Kiswahili hatujalitupia jicho.

Kipindi cha kwanza

Nilianza na video fupi ya Kiingereza kuhusu dhoruba za vumbi zilizoikumba Marekani katika miaka ya 1930, wakati upepo ulipopeperusha udongo wa juu wa mashamba ya nyanda za kati. Picha zilikuwa za kutisha na darasa lilitulia. Kisha msimulizi akaanza kutaja njia za kuzuia mmomonyoko, akafika kwenye terasi. Mkono mmoja ukainuka.

"Mwalimu, kwani Marekani watu hulima juu ya nyumba?"

Wenzake walicheka, lakini mwulizaji hakuwa anafanya mzaha. Katika mitaa ya Syokimau, terasi ni sakafu ya juu kabisa ya jengo la ghorofa, mahali pa kuanikia nguo na kuwekea tangi la maji. Mtoto huyo alilijua neno lile vizuri sana, na kulijua huko ndiko kulikompoteza.

Nilijaribu kueleza kwa Kiingereza, nikaona macho yanazubaa. Nikasema kwa Kiswahili, "Ni matuta." Kikazuka kicheko cha pili, maana tuta kwa mtoto wa Syokimau ni lile la barabarani linalopunguza mwendo wa matatu. Aliyeniokoa ni msichana mmoja aliyeketi nyuma. "Mwalimu, ni kama kwa susu, Mitaboni. Wanachimba mtaro, halafu mchanga wanautupa upande wa juu." Susu, kwa wasiojua Kikamba, ni nyanya. Kwa sentensi moja msichana huyo alikuwa ameueleza ufundi unaoitwa fanya juu, na kengele ikalia.

Neno lililosafiri

Usiku ule niliketi na rununu. Tafsiri ya mashine niliyoitumia iliniambia kwamba terasi kwa Kiswahili ni mtaro. Hiyo ni nusu ya kweli, na katika shamba nusu hiyo ni hatari, kwa sababu mtaro ni shimo refu linalochimbwa, ilhali kinachozuia udongo ni lile tuta linalojengwa kwa udongo uliotoka shimoni. Baadaye nikaandika "fanya juu" katika kitafutio. Majibu yaliyokuja yalinishangaza. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linalo neno hilo katika maandishi yake. Hazina ya WOCAT, ambayo hukusanya maelezo ya mbinu za kuhifadhi ardhi kutoka nchi mbalimbali, inaieleza fanya juu kwa vipimo na michoro, na mfano wake mkuu ni Machakos. Waandishi wamelizoea kiasi cha kulitia alama ya wingi ya Kiingereza mwishoni.

Maelezo yenyewe ni mepesi. Mkulima huchimba mtaro wenye upana wa takriban sentimita 60 na kina kama hicho, akifuata kontua, yaani mstari wa mwinuko mmoja. Udongo huutupa upande wa juu wa mteremko ukawa tuta, na juu ya tuta hupanda nyasi. Mvua inyeshapo, udongo unaosombwa hukwama nyuma ya tuta. Baada ya miaka kadhaa mteremko huwa ngazi. Fanya chini ni kinyume chake: udongo hutupwa upande wa chini. Kazi hiyo ni nyepesi kwa mchimbaji, lakini ngazi huchelewa kujijenga.

Mwanaisimu atalitazama neno hili kwa hamu. Ni kitenzi katika hali ya kuamrisha kikifuatwa na kielezi cha mahali, na kwa pamoja vimegeuka nomino. Tena kitenzi chenyewe hakina yambwa. Fanya nini juu? Mtu anayezungumza na jirani yake angesema "tupa juu" au "weka juu". Kwa maoni yangu, sentensi hii ina sauti ya msimamizi aliyesimama kando akitoa amri kwa Kiswahili chake kifupi, na anayeamrishwa ana jembe mkononi.

Historia ya Machakos haiyapingi maoni hayo. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kuhusu wilaya hiyo kana kwamba ilikuwa inakufa kwa mmomonyoko, na dawa waliyoichagua ilikuwa kuwanyang'anya watu mifugo. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga jambo hilo, naye akapelekwa kizuizini Lamu. Katika miaka ya 1940 matuta yalichimbwa kwa kazi ya kulazimishwa, na watu waliyachukia. Lakini kuanzia miaka ya 1950, na zaidi baada ya uhuru, wakulima wenyewe, wanawake wakiwa wengi, waliyachimba kwa hiari kupitia vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka mwaka 1994, More People, Less Erosion, kilionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua. Wataalamu wengi walikuwa wametarajia kinyume cha hayo.

Hivyo basi nilikuwa nimewaonyesha watoto wa Machakos vumbi la Marekani kama mfano wa tatizo, na mfano wa tiba ulikuwa kwa susu yao.

Kipindi cha pili

Kesho yake sikutumia video. Nilifungua Google Earth, programu inayokuwezesha kuitazama dunia kwa picha za setilaiti, tukaanzia juu ya paa la shule. Nikawaambia waniongoze kuelekea mashariki. Tukapita mji wa Athi River, tukapanda vilima vya Mua, kisha Iveti. Huko miteremko imechorwa mistari myembamba iliyosongamana, na kila mstari ni tuta. "Hizo ndizo fanya juu?" aliuliza yule wa terasi. Ndizo. Msichana wa Mitaboni aliomba tukitafute kijiji chao, na tukakipata baada ya dakika kadhaa za ubishi.

Kutoka huko tuliufuata mto. Zoezi hili nawapendekezea walimu wote. Mbagathi, unaopita kwenye mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, hugeuka Athi. Athi huelekea kaskazini hadi karibu na Ol Donyo Sabuk, kisha hupinda kusini-mashariki na kuambaa chini ya uwanda wa Yatta, ambao ni zaha, yaani lava, iliyotiririka umbali wa takriban kilomita 300. Unapokutana na Tsavo huitwa Galana. Karibu na bahari huitwa Sabaki, nao humwaga maji yake kaskazini mwa Malindi. Anayetafuta mto huu mtandaoni kwa jina moja hupata kipande tu. Mwanafunzi anayeyajua majina yote huona mto mmoja, na akifika mwisho wake katika picha zilizopigwa wakati wa mvua huona bahari imegeuka rangi ya kahawia. Nikawauliza, rangi hiyo imetoka wapi? Walikaa kimya kidogo. Kisha mmoja akasema, "Ni shamba la mtu."

Baada ya hapo tulirudi nyumbani, na hapo ndipo neno tuta lilipotupa somo ambalo sikuwa nimelipanga. Watoto walikuwa bado wanazungumzia Mai Mahiu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliporomoka huko yakaua makumi ya watu. Habari za kwanza zilisema kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba bwawa lilikuwa salama: maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya maji iliyo chini yake kuzibwa na takataka, miti na matope, hatimaye yakalibomoa. Tofauti kati ya bwawa na tuta si ya kamusi tu. Mtu aliyeambiwa ajihadhari na bwawa, naye hana bwawa jirani, atalala usingizi.

Nikachora ubaoni matuta mawili. La kwanza ni la fanya juu: fupi, moja kati ya mengi, limefuata kontua, na kila moja hushika maji kidogo. La pili ni la reli: refu, liko peke yake, limekata bonde, nayo maji yote ya juu yanategemea tundu moja. Kwa Kiswahili yote mawili ni tuta, na hata lile la barabarani ni ndugu yao, kwani kila moja ni udongo au lami iliyoinuliwa kuzuia mwendo. Kiingereza kina neno tofauti kwa kila moja, na katika vitabu vyao mada hizo hazikutani. Kiswahili kilizikutanisha, na swali likajitokeza lenyewe.

"Mwalimu, na maji ya kwetu hupitia wapi?"

Syokimau ni uwanda wa udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na ambao hunyonya maji polepole. Picha za setilaiti za kuanzia mwaka 1984, ambazo Google huziunganisha zikawa kama filamu, zinaonyesha nyasi zikigeuka mapaa na lami, vitu visivyonyonya maji kabisa. Stesheni ya reli ilifunguliwa hapa Novemba 2012, na kituo cha reli mpya ya kisasa kikafuata mwaka 2017. Mahali hapa pameitwa jina la Syokimau, mtabiri wa Wakamba ambaye masimulizi yanasema aliiona reli kama nyoka mrefu kabla haijafika. Sijapata kusikia masimulizi yanayosema lolote kuhusu tuta litakalombeba nyoka huyo. Tulitumia namba za mwinuko zinazoonekana pembeni mwa picha kukisia maji yanaelekea upande gani, na wanafunzi wakapewa kazi ya kutazama, wakiwa na wazazi wao, mtaro ulio karibu na kwao kama uko wazi. Watatu walirudi na habari ya chupa za plastiki na magunia.

Kazi iliyo mbele yetu

Najua pingamizi litakalotolewa. Baada ya Gredi ya 3, masomo yote isipokuwa lugha hufundishwa kwa Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza. Sikuwaambia wanafunzi waandike majibu kwa Kiswahili. Nilichofanya ni kuwaacha wafikiri kwa lugha wanayoijua kabla ya kuandika kwa ile wanayotahiniwa. Wapo wahadhiri wanaoona kwamba kuchanganya namna hiyo kunaharibu lugha zote mbili. Mimi naona kwamba mtoto anayedhani watu hulima juu ya ghorofa hajafundishwa kwa lugha yoyote.

Pia, tuseme ukweli, vyama vyetu vya Kiswahili vimemwaga wino mwingi kubishania tarakilishi na kompyuta, mdahalishi na intaneti. Mijadala hiyo ina ladha yake nami nimeshiriki. Lakini nani kati yetu amekaa na mkulima wa Kathiani akaandika majina anayoyatumia kwa sehemu za shamba lake? Wenzetu wa Tanzania, ambako sayansi ya shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, wana istilahi nyingi tayari. Neno tabianchi tumelichukua kwao na sasa tunalisikia katika redio zetu. Pwani ina kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Hizo ni elimu za upepo na bahari zilizokamilika, na hazimo katika video yoyote niliyoiona darasani.

Kazi yenyewe haihitaji ufadhili. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili anaweza kuichukua ziara ya Google Earth, mathalani ile ya mto wenye majina mengi, akaisimulia kwa dakika tatu na kuirekodi kwa rununu. Aisikilize pamoja na mwalimu wa sayansi ili makosa ya maarifa yaondolewe, na pamoja na mkulima au mvuvi ili makosa ya maneno yaondolewe. Ihifadhiwe ndani ya simu, kwa sababu bando huisha katikati ya kipindi. Langu liliisha tulipokuwa Tsavo.

Mwalimu wa Kilimo aliporudi alisahihisha madaftari, kisha akanijia akiwa na mawili mkononi. Wanafunzi walikuwa wameandika fanya juu katikati ya sentensi ya Kiingereza, naye aliuliza kama apige mstari mwekundu. Nilimfungulia ukurasa wa WOCAT. Alisoma hadi mwisho, akaomba kiungo chake, akaenda kuweka alama ya vema.